Mkasi wa Lotte Reiniger

Lotte Reiniger alipohamia London mwaka 1949 alikuwa na umri wa miaka 50, na kazi iliyompa jina ilikuwa imepotea. Negativu ya filamu yake kubwa, The Adventures of Prince Achmed, iliangamia Berlin mwaka 1945 vita vilipoufikia mji. Studio hakuwa nayo, na mfadhili hakumwona. Alikuwa na mume aliyejua kushika kamera, Carl Koch, na alikuwa na mkasi. Miaka sita baadaye filamu yake ya dakika kama kumi, aliyoitengeneza kwa ajili ya watoto wanaotazama televisheni, ilitunukiwa Pomboo wa Fedha katika tamasha la filamu la Venice.

Mimi hutengeneza vipindi vifupi vya watoto hapa Dar es Salaam, na kila ninapoambiwa kwamba kipindi cha watoto hakihitaji umakini mkubwa kwa sababu "watoto hawataona tofauti", huwa namkumbuka mama huyu. Alikuwa mgeni nchini, hana fedha, muda ni mfinyu, na alikuwa na kila sababu ya kulipua kazi. Hakulipua.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Reiniger hakuchora katuni. Alikata vikaragosi vya karatasi nyeusi ngumu. Kichwa, shingo, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, muundi, unyayo: kila kiungo kilikatwa peke yake, kisha vikaunganishwa kwa waya mwembamba ili kila kiungo kigeuke. Baadhi ya vipande vilitiwa bati jembamba la risasi ili kikaragosi kitulie mezani. Meza yenyewe ilikuwa ya kioo, taa ikiwaka chini yake, na kamera imefungwa juu ikitazama chini. Analaza kikaragosi juu ya kioo, anapiga picha moja. Anausogeza mkono kidogo tu, anapiga nyingine. Filamu ya dakika kumi, kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, ni picha 14,400. Anayetembea, anayelia, anayepanda ngazi, wote wanatoka kwenye vidole vyake.

Ipo filamu fupi ya mwaka 1970 inayomwonyesha akiwa kazini, na wenzangu wa fani hii naomba waitafute. Anakata bila kuchora mstari wowote kwanza, kama fundi cherehani mzoefu anayekata kitambaa bila chaki. Mkono wenye mkasi umetulia. Karatasi ndiyo inayozunguka. Unatazama na hujui bado anakata nini, mara unaona pua, kidevu, kilemba. Mimi nimeshinda na mkasi wangu nikimwigiza, na ninachoweza kusema ni kwamba ugumu hauko kwenye kukata. Uko kwenye kusogeza. Kivuli hakina macho wala midomo, hakina uso wa kukunja. Huzuni yote lazima iingie kwenye namna shingo inavyoinama.

Alizaliwa Charlottenburg, Berlin, tarehe 2 Juni 1899. Tangu utotoni alikata karatasi na kuwachezea jamaa zake michezo ya vivuli. Akiwa kijana aliingia shule ya uigizaji ya Max Reinhardt, na akiwa huko akawa anakata vivuli vya waigizaji wenyewe wakiwa jukwaani. Hivyo ndivyo alivyomvutia Paul Wegener, mwigizaji na mwongozaji mkubwa wa wakati ule. Mwaka 1918 Wegener alikuwa akitengeneza filamu ya mpiga zumari wa Hameln na alihitaji panya wengi wa kumfuata mpiga zumari. Panya wa kweli hawafuati maelekezo ya mtu. Wakatumika panya wa mbao, na Reiniger akawa miongoni mwa waliowasogeza hatua kwa hatua mbele ya kamera. Mwaka uliofuata alitengeneza filamu yake ya kwanza.

Prince Achmed ilizaliwa na mfumuko wa bei. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilikuwa ikiporomoka kila siku, na mwenye benki mmoja, Louis Hagen, alikuwa ameweka mali yake katika mikanda mitupu ya filamu badala ya kukaa na noti. Akamwuliza Reiniger kama anaweza kuitumia kutengeneza filamu ndefu ya vivuli. Jambo hilo lilikuwa karibu halijawahi kufanyika. Quirino Cristiani, mhamiaji mwingine, mzaliwa wa Italia, alikwisha kutengeneza filamu ndefu za katuni huko Argentina, lakini hazikusalia. Hagen akawapa nafasi juu ya gereji yake mjini Potsdam. Walifanya kazi humo mpaka 1926: Reiniger, Koch kwenye kamera, Walter Ruttmann na Berthold Bartosch kwenye mandhari na madoido. Vioo vilipangwa kwa tabaka, kimoja juu ya kingine, ili mawimbi yasogee nyuma ya jahazi na mawingu nyuma ya milima. Studio ya Walt Disney ilikuja kusifiwa kwa meza ya aina hiyo miaka kama kumi baadaye.

Hadithi aliyoichagua tunaijua sana. Ni Alfu Lela Ulela, kitabu kilichosomwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni na ambacho pwani yetu ilikuwa ikikisimulia kabla hakijachapwa. Yumo farasi arukaye, yumo Pari Banu mwenye vazi la manyoya, yumo Aladini na taa yake. Yumo pia mchawi, na filamu inamtaja kuwa ni mchawi wa Kiafrika. Hapa sipiti kimya. Katika hadithi iliyosambazwa Ulaya na Antoine Galland mtu huyo naye anaitwa mchawi wa Kiafrika. Reiniger alimkata kwa vidole vya kucha na mgongo wa kupinda, na mtoto wa Kitanzania anayetazama anaambiwa kwamba ubaya umetoka barani kwake. Wachina wa filamu hiyo nao wamekatwa kwa dhihaka ya wakati ule. Nawaonyesha watoto filamu hii na nawaambia jambo hilo waziwazi, kwa sababu wanaliona wenyewe. Hata hivyo lazima niseme pia kwamba mchawi yule ndiye kivuli kinachosogea kwa ustadi kuliko vyote, na pambano lake na ajuza, kila mmoja akijigeuza mnyama baada ya mnyama, sijaona katuni ya kompyuta iliyolifikia.

Kisha wakaja Wanazi. Reiniger na Koch hawakuwa Wayahudi, ila walikuwa watu wa mrengo wa kushoto na marafiki zao wengi walikuwa hatarini. Waliondoka, na hakuna nchi iliyowapa kibali cha kudumu. Viza ikiisha, wanafungasha. London alitengenezea idara ya posta filamu ya kuhimiza watu kuweka akiba. Ufaransa, mwongozaji wa filamu Jean Renoir aliwapa kazi: Koch alishiriki katika La Grande Illusion, na Reiniger akatengeneza onyesho la vivuli ndani ya La Marseillaise ya mwaka 1938. Italia, Koch alimalizia Tosca, filamu ambayo Renoir aliianza na kuiacha. Katika miaka hiyo ya kuhamahama Reiniger hakuacha kutengeneza filamu, na naamini sababu moja ni uchache wa zana zake. Mkasi, karatasi, waya na taa vinaingia kwenye sanduku la nguo. Karibu na mwisho wa vita alirudi Berlin kumuuguza mama yake, na huko utawala ukamtaka afanye filamu kuhusu bata bukini wa dhahabu.

Kazi ya televisheni ndiyo iliyonivuta kuandika makala haya. Mwaka 1953 ilianzishwa London kampuni ndogo iitwayo Primrose Productions, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Louis Hagen, mtoto wa yule mwenye benki. Alipokuwa mdogo alikuwa akiona kazi ya vivuli ikifanyika nyumbani kwao Potsdam. Alipokuwa kijana Wanazi walimfunga katika kambi ya Lichtenburg kwa sababu ya mzaha alioandika kwenye kadi ya posta. Akakimbilia Uingereza, akapigana Arnhem mwaka 1944 upande wa Waingereza. Sasa yeye na Reiniger, wote wawili wageni, wakawa wanawapa watoto wa Uingereza na Marekani hadithi za Cinderella, Hansel na Gretel, mwanamfalme chura, panzi na chungu, Aladini, farasi wa ajabu. Reiniger na Koch waliishi na kufanyia kazi Abbey Arts Centre, New Barnet, kaskazini mwa London.

Tazama hesabu. Prince Achmed, yenye dakika kama 65, ilichukua takriban miaka mitatu. Kati ya 1953 na 1955 zilitoka filamu za televisheni zaidi ya kumi, kila moja dakika kumi hivi. Kasi hiyo lazima ipunguze kitu. Mandhari zikawa nyepesi zaidi, na hadithi ikabebwa na sauti ya msimulizi. Lakini mtazame fundi nguo wa The Gallant Little Tailor anapoinama mbele ya mfalme. Kwanza kichwa, kisha mgongo, kisha mkono unachelewa kidogo na kupinda kwenye kifundo. Hilo lilichukua muda wake, na hakuliondoa. Skrini za nyumbani za wakati ule zilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na picha ilikuwa na ukungu. Kivuli kinaishi kwa mstari wake wa nje tu, kwa hiyo kilionekana vizuri humo kuliko nyuso nyingi za waigizaji hai.

Koch alifariki mwaka 1963, na kwa muda mrefu Reiniger hakutengeneza filamu. Ujerumani ilimtunuku mwaka 1972, na Canada ikamrudisha mezani: Aucassin and Nicolette ilitoka mwaka 1975 kupitia National Film Board, na The Rose and the Ring mwaka 1979, akiwa na miaka 80. Alirudi Ujerumani na kufariki Dettenhausen tarehe 19 Juni 1981.

Prince Achmed tunaweza kuiona leo kwa sababu nakala moja ilihifadhiwa Uingereza, na kutokana nayo filamu ilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na rangi zake za bluu, kijani na chungwa. Kwa watoto wadogo ningeanza na The Gallant Little Tailor na Cinderella za televisheni. Prince Achmed iwe ya baadaye, kwa kuwa ni ndefu na haina maneno ya kusemwa. Maandishi yake ni ya lugha ngeni, hivyo mtu mzima aketi karibu na kuisimulia kwa Kiswahili, na afikapo kwa mchawi asimame aseme ukweli wake. Farasi anapopaa na Achmed hajui amshushe vipi, simamisha kidogo uwaulize watoto wangefanya nini. Wa kwangu walibishana mpaka chakula kikapoa.