KIFARU KISICHOKULA NYASI

Ukisikia neno "kifaru" bila shaka wamkumbuka yule mnyama wa Nakuru mwenye pembe puani. Leo nataka kukueleza habari za kifaru kingine, kisichokula nyasi: gari la vita la chuma kinene, linalotembea juu ya minyororo. Nitaeleza hasa juu ya watu wanaojitolea kuyafufua magari haya makuukuu, maana kazi yao imenifunza jambo nililopaswa kulijua mapema.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yake babu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana kule Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi na kikombe cha bati. Likizo iliyopita nilikiona kimeshika kutu, nikaona heri nimfurahishe babu. Nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama shilingi mpya. Babu alikipokea, akakigeuza, akatazama chini yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na namba yake iko wapi?" Lo! Namba ya jeshi, ambayo mzee aliikwaruza kwa msumari, nilikuwa nimeifuta pamoja na kutu.

Sasa hebu twende Bovington, kusini mwa Uingereza, kwenye jumba la makumbusho la vifaru. Mbali na mafundi walioajiriwa, wako watu wanaofika karakanani bila kulipwa hata ndururu. Kazi yao si mchezo. Boliti iliyoganda kwa kutu haipigwi nyundo ovyo. Hulowekwa mafuta, ikapashwa moto, ndipo ikafunguliwa polepole. Kipuri kisichouzwa tena popote hutengenezwa upya kwa kufuata michoro ya kale. Rangi nayo haibanduliwi yote kwa pupa. Hukwanguliwa tabaka baada ya tabaka, kwa sababu chini ya rangi ya juu huenda pakawa na alama za kikosi au jina ambalo askari walilipa gari lao. Hapo ndipo nilipokumbuka kikombe, nikaona haya.

Mfano mzuri ni kifaru cha Wajerumani kiitwacho Tiger 131. Kina tani 57 hivi, yaani uzito wa ndovu dume kama kumi! Waingereza walikiteka Tunisia mnamo Aprili 1943. Kazi ya kukifufua ilianza mwaka wa 1990, ikafanywa na mafundi wa jeshi na wa jumba hilo, na mwaka wa 2003 kikanguruma tena. Ilibidi kitiwe injini ya kifaru kingine. Hata hivyo, majeraha ya makombora yaliyokipata vitani hayakuzibwa. Bado yanaonekana.

Lakini si kila kifaru hufufuliwa. Mwaka wa 1998, karibu na kijiji cha Flesquières huko Ufaransa, kilifukuliwa kifaru cha Waingereza kiitwacho Deborah. Mpenzi mmoja wa historia, Philippe Gorczynski, alikuwa amekitafuta kwa miaka kadhaa. Deborah ilipigwa makombora tarehe 20 Novemba 1917, na watu watano kati ya wanane waliokuwa ndani wakafa. Wenyeji wangeweza kuyaziba matundu yale na kupaka rangi. Hawakufanya hivyo. Waliiacha na majeraha yake, na tangu 2017 imo ndani ya jumba lake la makumbusho, karibu na makaburi ya watu wake.

Nilidhani kufufua kitu cha kale ni kukifanya kiwe kipya. Kumbe sivyo. Fundi hodari hujiuliza kwanza: hiki nikikitoa, nani atakumbukwa tena? Matatu ikipakwa rangi mpya hakuna hasara. Lakini jeraha la Deborah ndilo linalosimulia habari za wale watano. Likizibwa, nani atasimulia?

Wenzangu, wengi wetu tuna vitu vya wazee nyumbani: nishani, barua, picha zilizochakaa. Kabla ya kushika msasa, muulize mwenyewe kila alama ina maana gani, uandike. Namba ya kikombe babu aliijua kwa moyo. Alinitajia, nami nimeiandika katika daftari langu. Sikuthubutu kuikwaruza upya pale chini. Mkono ule haukuwa wangu.