Riwaya za mapenzi: Ni nani anazuia penzi?
Wapo walimu wanaohofia kwamba riwaya za mapenzi hupotosha vijana. Mimi huzifunza, ila kwa swali moja: ni nani anayelizuia penzi hili, na kwa nini?

Chukua *Vuta N'kuvute* (1999) ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mwanamume mzee. Baadaye anampenda Denge, Mwafrika anayepinga ukoloni Zanzibar. Wanaowazuia? Jamaa, ubaguzi wa rangi, na serikali ya Mwingereza.

Katika *Pride and Prejudice* (1813) ya Jane Austen, jibu ni mali: shamba la baba mwenye mabinti watano litarithiwa na jamaa wa kiume.

Mwalimu mwenzangu, anza na swali hilo. Wanafunzi watajadili historia na sheria, si busu tu.