Mashine ya Chapa na Hati ya Kiswahili

Mashine ya kupigia chapa haikuwafunza Waswahili kuandika. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mnamo 1728 kwa herufi za Kiarabu, na katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliihifadhi kwa hati hiyo hiyo sehemu kubwa ya tungo za Muyaka. Ni kweli kwamba hati ile ilikuwa na upungufu. Katika miswada mingi ya kale *pata* na *bata* hayatengeki, na *e* haibainiki na *i*. Msomaji sharti awe ameijua lugha kwanza. Lakini kasoro hizo zingaliweza kurekebishwa kwa nukta chache, na wanazuoni wa Mombasa walijaribu kufanya hivyo.

Kilichoamua ni chapa. Wamisionari wa Unguja walichapa kwa herufi za Kirumi. Shule na ofisi za serikali zikafuata, na mzee aliyezoea kusoma tenzi akaweza kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hichens alipoitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, mzee kama huyo angalihitaji mjukuu wa kumsomea mashairi ya mji wake mwenyewe.