Miwani ya uhalisia pepe: kabla ya kulaumu macho, angalia ilivyovaliwa

Zamani mgeni akirudi kutoka Muscat au Dubai alileta manukato na vitambaa. Siku hizi katika baadhi ya nyumba huleta pia ile miwani mikubwa ya uhalisia pepe, inayofunika macho yote mawili na kumfanya mvaaji ajione yumo ndani ya mchezo. Siku ya Idi watoto wa ukoo mzima hupanga foleni kuivaa. Baada ya nusu saa huyu analalamika kichwa, yule anasema haoni vizuri, mwingine ana alama nyekundu kwenye paji la uso. Wakubwa huamua upesi kuwa kifaa ni kibovu, au mtoto ana kasoro ya macho. Mara nyingi si hili wala lile. Miwani imevaliwa vibaya, au imechafuka.

Ndani ya kifaa hiki mna lenzi mbili, na nyuma yake kioo cha picha. Lenzi huonyesha vizuri zaidi pale katikati. Mboni ikienda pembeni, maandishi hufifia na jicho hujikaza bure. Sasa, umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni wastani wa milimita 63, lakini wapo wenye 55 na wapo wenye 70, na watoto huwa chini zaidi. Ndiyo maana miwani iliyorekebishwa kwa baba humsumbua mwanawe. Quest 2, iliyotoka mwaka 2020, ina nafasi tatu tu, yaani 58, 63 na 68, na lenzi zake husukumwa kwa vidole. Quest 3 ya mwaka 2023 ina gurudumu dogo la kuzungusha.

Kujipima si kazi. Simama karibu na kioo cha ukutani ukiwa na rula. Fumba jicho la kulia, weka sifuri ya rula katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, fumba la kushoto, fungua la kulia, usome namba iliyo kwenye mboni yake. Rudia mara tatu. Fundi wa miwani naye atakupimia kwa dakika moja.

Kisha kuvaa. Wengi huikaza mikanda kama wanafunga mzigo juu ya basi, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Quest 2 ina gramu 503, karibu nusu kilo, nao uzito wote uko mbele. Legeza mikanda yote. Weka miwani usoni kwanza, halafu shusha mkanda wa nyuma hadi chini ya kinundu cha kisogo. Ukiwa unatazama maandishi, isogeze juu na chini polepole mpaka herufi ziwe wazi, ndipo ukaze kidogo. Mkanda wa juu ya kichwa ndio unaobeba. Wa pembeni kazi yao ni kushikilia tu. Mashavu yakiuma, kaza wa juu, usikaze wa pembeni. Kwa dada zetu, ondoeni pini za mtandio zilizo kisogoni. Mkanda ukizikandamiza zitachoma, na mtandio mwepesi wa pamba hautelezi kama wa hariri.

Anayetumia miwani ya macho asiivue kwa kudhani picha iko karibu. Lenzi huifanya picha ionekane kama iko mbali zaidi ya mita moja, kwa hiyo asiyeona mbali ataona ukungu. Quest 2 iliuzwa na kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi. Kiwekeni, la sivyo vioo viwili vitakwaruzana.

Tuje kwenye usafi. Wanja, mafuta ya nywele na jasho huacha utando juu ya lenzi, na watu huongeza mwanga wa picha badala ya kufuta. Tumia kitambaa laini kikavu, kama kile wanachotoa mafundi wa miwani, ukianzia katikati kwa kuzungusha kuelekea nje. Spiriti usiiguse kabisa, wala ncha ya kanga, kwani vumbi lililo ndani yake hukwaruza plastiki. Ukitoka kutia udhu, kausha uso kwanza. Na usiianike juani! Lenzi hukusanya miale kama kioo cha kukuzia kinavyochoma karatasi, na kioo cha ndani huungua kwa muda mfupi.

Sponji inayogusa uso ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwaka 2021 sponji za Quest 2 zipatazo milioni 4 zilirejeshwa nchini Marekani baada ya maelfu ya watumiaji kulalamika kuwashwa na kuvimba ngozi. Nasi tunakumbuka macho mekundu yalivyoenea Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2024. Mwenye macho mekundu, tongotongo au vipele asiivae mpaka apone, hata akilia. Nunueni kifuniko cha silikoni kinachooshwa kwa sabuni, na kikauke vizuri kabla ya kumpa mwingine.

Mtoto apumzike kila baada ya dakika chache, maana anayekodoa macho hupepesa kidogo na macho hukauka. Akipata kichefuchefu avue hapo hapo. Macho yanamwambia anakimbia, masikio ya ndani yanasema amekaa. Meta, watengenezaji wa Quest, hawaruhusu walio chini ya miaka 10. Mwenye kifafa amuone daktari kwanza.

Mkishapima, mkavaa vizuri na kufuta, mwambie mtoto afumbe jicho moja, kisha jingine. Jicho moja likibaki na ukungu, au akisema anaona viwili viwili, au wenzake wanaona vitu vinamjia na yeye anaona picha bapa kama ukutani, mpelekeni kliniki ya macho bila kungoja. Huenda jicho moja limekuwa vivu kwa miaka na hakuna aliyejua, kwa sababu lile zima lilikuwa likisoma kwa niaba yake. Tiba ya jicho hilo hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo.