Drip ya Kukopa, Picha ya Finje

Sato saa nane, Kenyatta Avenue pale GPO. Jaribu kupita bila kuitwa. "Msupa, picha! Boss, picha! Finje tu!" Huwezi. Kamera ni mob kuliko mat. Wasee wametoka Dandora, Githurai, Rongai, na wamedunga mpaka jua linaona haya. Mmoja anakaa kwa ukingo wa barabara akiangalia chini kama amefiwa. Mwingine anavuka zebra mara ya sita, pole pole, dere wa mat anamtusi, yeye anageuza tu shingo apigwe upande mzuri.

Sasa tubonge kama watu wa base moja. Hizo ndula si zake.

Mtaani kwetu kuna Jordan 4 moja, nyekundu na nyeusi, saizi 43. Hiyo ndula imepigwa picha kuliko gavana. Mwenye mguu 40 anajaza soksi. Mwenye 45 anakunja vidole na kucheka, na hiyo si smile, manze, hiyo ni maumivu. Orijino ni rent ya miezi kadhaa, kwa hivyo nani atakununulia? Longi ni ya bro. Mbota haitembei. Kamera yenyewe mpiga picha amekodi ya siku moja, ndio maana anakuharakisha. Bakigraundi ni ya kanjo, na kanjo akitokea hapo kona ya Koinange utaona drip zote zikikimbia bila pozi. Kwa hiyo picha yote, chako ni meno.

Na mimi sioni shida hapo. Hiyo game ni ya kitambo.

Cheki Bamako, Mali, 1948. Msee anaitwa Seydou Keïta anafungua studio. Unaingia na nguo zako za kila siku, ndani unapata suti, tai, saa, redio, hadi Vespa. Unadunga, unapigwa, unarudisha, unatembea home kwa miguu. Bakigraundi ya kwanza ilikuwa shuka ya kitanda chake. Shuka, buda! Baadaye akawa anabadilisha kitambaa kila baada ya miaka kadhaa, na ukimwonyesha picha ya zamani alikuwa anakuambia ni ya lini kwa kucheki tu hicho kitambaa. Leo hizo picha ziko kwa makumbusho za majuu, na hakuna mtu anauliza hiyo saa ilikuwa ya nani.

Ama Bangui, 1975. Samuel Fosso ako na studio yake akiwa na miaka 13. Wewe ukiwa na hiyo age ulikuwa unaficha ripoti fomu chini ya godoro. Mchana anapiga wateja. Jioni filamu ikibaki, haiachi iharibike, anajipiga mwenyewe: miwani kubwa, longi ya kubana juu na kupanuka chini, viatu vya soli nene. Halafu anatumia shosh wake Nigeria ajue mjukuu ako fiti. Leo sisi tunajipiga tukitumia ma-ex.

Mzae wa plot, yule wa kutoa maoni bila kuulizwa, anasema kizazi chetu ni cha kujifanya. Eti wao walikuwa wanavaa na heshima. Sawa, mzae. Miaka ya tisini hapo feri ya Likoni, Mombasa, kulikuwa na vibanda vya wapiga picha, na nyuma wamechora na kubandika meli, ndege, magorofa, maua ya plastiki kibao. Msee ametoka bara kutafuta kazi, anasimama hapo, anatumia picha ocha, kijiji yote inajua amefika. Mzae ako na yake ukutani. Suti imempita mabega, nyuma kuna ndege. Muulize aliruka akaenda wapi. Atakutuma maji.

Kwa hivyo kukopa si kuchoma picha. Unajua kuchoma ni nini? Ni kukopa kitu kimoja wote. Simama GPO ucheki vizuri: cargo nyeusi, tishati nyeusi kubwa, puffer jacket na jua inaua, ngepa, kibegi cha kifua. Kutoka hapo hadi Kimathi ni msee mmoja, fotokopi. Halafu filta inakuja. Unaingia mweusi unatoka rangi ya chapo haijaiva, pua imelainishwa mpaka unashangaa unapumulia wapi. Umelipa finje usionekane.

Sasa linganisha na Thandiwe Muriu. Manzi wa Nairobi, buda yake alimfunza kamera akiwa na miaka 14, akapiga matangazo miaka mob kwa industry imejaa mabeste wa kiume. 2015 akaanza series inaitwa CAMO. Form ni hivi: anachukua kitenge chenye maua ya kelele, anashonea model nguo, halafu kitenge hicho hicho anakiweka nyuma. Dem anazama ndani ya kitambaa, mwili unapotea kabisa. Kinachobaki ni uso na mikono, ngozi nyeusi tii, inang'aa, hakuna filta ya chapo. Nywele zimepandishwa kwa mitindo ya zamani. Na miwani? Vibanio vya nywele, vifuniko vya soda, kichungi cha sink. Vitu viko kwa keja yako saa hii na wewe uko tao unatafuta Cartier feki.

Yaani dem amefichwa na bado huwezi kumkosa. Sisi tumetoka kuonekana na hatujulikani.

Mzae akiona CAMO atasema, "Hiyo sasa ndiyo vazi letu!" Mwache. Hiyo kitenge yake ya wax Waholanzi walianza kuchapa wakiiga batiki ya Java. Hata hiyo ni ya kukopa, lakini usimwambie, presha.

Ukitaka kutoka kwa fotokopi, Gikosh iko. Fika alfajiri bale ikikatwa, chukua kamera, zile za kwanza kwanza, kabla wale wa stall za tao hawajazibeba. Ukienda saa nne utapata fagia na machozi. Hiyo shati ya soo moja, ikifika tao inapigwa pasi, inaitwa vintage, inakuwa thao mbili. Na wewe utanunua, najua.

Ama fanya kama huyu dem wa plot ya pili. Alipeleka leso kwa fundi, akashonewa suti, koti na longi, maneno ya leso yakikata mgongoni. Akaenda Isich kwa stall ya leso, akasimama katikati ya rundo, akapotea kimuriu. Mama wa stall akadai soo ya bakigraundi. Wakavutana. Mwisho akakubali finje, lakini na yeye apigwe, na miwani ya dem akaivaa juu ya buibui.

Picha ya mama ndiyo ilipata likes. Comments zote zinauliza leso ni how much.