Tela, Leseni na Uzito: Piga Hesabu Kabla ya Kuwasha Trekta



Mwaka jana mwezi Juni, jioni jioni hivi, kijana mmoja ninayemhudumia huku Mbozi alinipigia simu. Akasema: "Bwana shamba, limelala." Nikadhani anaongelea shamba. Kumbe tela. Nilipofika nikakuta gunia 45 za mahindi zimemwagika mtaroni, trekta limekaa upande, tairi moja la nyuma liko hewani. Vibarua wawili walikuwa wamekaa juu ya mzigo, na mmoja alivunjika mkono. Trafiki alipokuja hakuuliza habari za mahindi. Aliomba leseni. Dereva akatoa ya daraja A, ya bodaboda.

Bima nayo ikaishia hapo hapo.

Wengi wenu sasa mna trekta, pawatila au pickup, na mkiona bei nzuri mjini mnatafuta tela. Sawa kabisa, ni biashara. Ila tela ni chombo kingine, kina sheria zake na uzito wake, na hakimjui mtu.

Tuanze na leseni. Tanzania leseni zinakwenda kwa madaraja. A na ndugu zake ni pikipiki na bajaji. B ni gari binafsi, haikuruhusu gari la biashara. D ni magari ya aina mbalimbali ukitoa pikipiki, magari makubwa na ya abiria. E inaongeza na magari makubwa. C ni za abiria, hizo tuziache. F ni mitambo, na G ndiyo ya mitambo ya mashambani na migodini. Sasa kosa ninaloliona kila msimu ni hili: kijana ana B, anaendesha pickup yake vizuri tu, basi anaona trekta ni gari linalokwenda polepole. Siyo. Au ana G, ananunua Canter, anaingia nayo barabara kuu akijua leseni ni leseni. Kabla ya kulipia chombo, chukua kadi yake nenda nayo kituo cha usalama barabarani, waulize daraja gani linakihusu na kama kukokota tela kunabadilisha chochote. Swali ni la bure, na utajibiwa ukiwa hujakamatwa.

Tela lenyewe linasajiliwa, lina namba yake. Lile la kuchomelewa kwa fundi wa mtaani, lisilo na kadi wala taa, linaweza kuzunguka ndani ya shamba lako. Likitoka barabarani ni kesi. Na unapokata bima, hakikisha tela limeandikwa. Usidhani bima ya trekta inalibeba lenyewe.

Haya, uzito. Hapa ndipo pana kazi.

Chukua kadi ya gari lako. Ina uzito wa gari tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa mdogo kwenye mkubwa, unapata unachoweza kupakia. Tuseme pickup tupu ni kilo 1,800 na jumla ni kilo 2,800. Umebaki na kilo 1,000. Vijana wanasema: safi, gunia kumi za kilo mia. Na wewe dereva huna uzito? Na yule mwenzako, na jeki, na tairi la akiba? Gunia nane, umemaliza. Na hapo nimechukulia gunia la halali. Ukipakia lumbesa hesabu yote imevunjika, maana hujui gunia lako lina kilo 120 au 140.

Ukitaka kufunga tela nyuma ya hiyo pickup, fungua kitabu chake uone tela lisilo na breki linaruhusiwa kilo ngapi. Kwa pickup nyingi utakuta 750. Hizo 750 ni pamoja na tela lenyewe! Tela la chuma la fundi likiwa na kilo 350, umebaki na kilo 400, yaani gunia nne. Na wale mnaobeba maji ya kumwagilia: tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, bado hujaweka tela. Ukilijaza nusu usifurahi sana, maji yanacheza, ukikata kona yanakimbilia upande mmoja na kulivuta tela.

Kwenye barabara kuu kuna mizani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari lenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 linapaswa kupima. Ekseli ya mbele mwisho tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne mwisho tani 10. Kwa hiyo jumla inaweza kuwa sawa lakini ekseli moja imezidi kwa sababu mmerundika mzigo nyuma. Hapo unalipa, na mzigo unashushwa jua kali.

Turudi kwa yule kijana. Gunia 45 ni kilo 4,500. Tela lake lilikuwa kama kilo 1,200. Jumla kilo 5,700, na trekta lake halifiki tani tatu. Yaani kinachosukuma kwa nyuma ni karibu mara mbili ya kinachozuia, na tela halikuwa na breki. Kwenye tambarare injini ilivuta bila shida, ndiyo maana hakuogopa. Tatizo la trekta siyo kuvuta, ni kusimama. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Kwenye mteremko akaweka gia huru kuokoa mafuta, mwendo ukamkimbia, akakanyaga breki, ikashika tairi moja tu. Kwa nini? Zile pedeli mbili za breki, ya kulia na ya kushoto, zinaachanishwa shambani ili ukate kona fupi. Ukiingia barabarani lazima uzifunge pamoja kwa komeo lake. Hakuzifunga. Trekta likageukia upande, tela likaendelea mbele.

Kabla ya mteremko, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo, au ndogo zaidi.

Wenye pawatila, sikilizeni kwa makini. Tambarare ukibana klachi ya kushoto, unakwenda kushoto. Kwenye mteremko, tela likikusukuma, ukibana ya kushoto tairi la kushoto linakuwa huru na kukimbia zaidi, na pawatila inakwenda KULIA. Wengi wanakuja kulijua hili wakiwa tayari mtaroni. Ukishuka na tela usiguse klachi za pembeni, geuza kwa mikono, polepole, kwenye gia ndogo.

Kuhusu kufunga tela: funga kwenye ule mkono wa chuma wa chini nyuma ya trekta, kamwe usifunge juu kwenye toplinki, trekta litanyanyua pua na kukuangukia. Tumia pini yake na kipini cha kuizuia isichomoke, siyo kipande cha nondo. Weka na mnyororo wa akiba. Kwa tela la ekseli moja, mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli. Ukielemea nyuma unainua nyuma ya trekta na tairi zinakosa kushika. Vibarua wapande kitu kingine.

Yule kijana siku hizi anabeba gunia 20 kwa safari. Nilimpigia hesabu ya dizeli, safari ya pili na ya tatu zinamgharimu, hilo sikumficha. Ila akilinganisha na alicholipa hospitali, kwa fundi na kwa mahindi yaliyolowa mtaroni usiku ule, anasema angeweza kwenda mjini mara thelathini. Na dereva wake mwenyewe kampeleka chuo cha udereva, sasa ana G.