Marini na Arinoti: ngoma iliyokuwa chama cha kuzikana

Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa usiku? Mtu wetu amefariki, mwili usafirishwe, kila mmoja atoe kadiri yake, fedha zipelekwe kwa mweka hazina. Tukiwa huku ugenini tunaona kama utaratibu huu tumeubuni sisi. La hasha. Wazee wetu walikuwa nao zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena wakati wa vita, tena kwa tarumbeta.

Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Jina lenyewe ni neno "bendi": vijana wa Lamu na Mombasa waliwatazama wanajeshi wa Kizungu wakipiga gwaride, wakaliiga kwa ngoma zao. Mchezo ukashuka hadi Tanganyika, wakati huo ikitawaliwa na Wajerumani, na huko vikasimama vyama viwili mahasimu. Marini ilikuwa ya makarani, walimu na askari, watu waliojiona wa juu. Arinoti ilikuwa ya wapagazi na vibarua. Kila chama kilikuwa na matawi katika miji mingi na vyeo vya kujipachika, kutoka mfalme kushuka chini, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Mpita njia aliona maigizo tu. Ila mwanachama akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa, na akifika mji asio na ndugu alilitafuta tawi lake, akapokewa.

Agosti 1914 vita vikaanza, na ndipo jambo hili likawa na uzito wake. Waingereza pekee waliwachukua wapagazi wanaokadiriwa kukaribia milioni moja. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la jeshi hilo la wabeba mizigo. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, mbali na kwao, katikati ya watu wasiojua hata jina la baba yao. Hebu fikiria kijana wa namna hiyo akisikia ngoma ya chama chake jioni, kambini.

Beni ilichezwa pande zote mbili za vita. Askari na wapagazi waliibeba pamoja na mizigo yao, na vita vilipokwisha mwaka 1918 ilikuwa imefika mbali kuliko ilivyowahi kufika wakati wa amani.

Tusiwapake sukari, hata hivyo. Ushindani wao ulikuwa mkali: karamu za kukomoana, nyimbo za kejeli, na wengine wakaingia kwenye madeni ili tu chama chao kisionekane kimeshindwa. (Nani asiyezijua harusi za namna hiyo?) Waingereza nao, walipoona matawi yanaandikiana barua, walishuku siasa, wakaanza kuchunguza. Walikuta watu wenye daftari la michango na viongozi waliochaguana wenyewe, bila kumwomba mkuu wa wilaya ruhusa.

Sehemu nyingine beni iliendelea kuchezwa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mkipiga simu nyumbani Jumapili, na kama babu au bibi bado yupo, muulizeni: kwetu tulikuwa Marini au Arinoti? Msishangae akicheka kwanza kabla ya kujibu.